Jeshi Linapima Nini? Mambo ya Kujua Kabla Kijana Hajaenda Uwanjani



Wakati mmoja tangazo la kuandika makurutu wa jeshi liliposomwa redioni, mama mmoja wa kikundi chetu alikuja mkutanoni na ombi la mkopo. Kwa kawaida sisi hukopeshana pesa za mbegu, za karo au za ng'ombe wa maziwa. Yeye aliomba karibu pesa zote zilizokuwa kwenye sanduku, na akasema atauza fahali wake aongezee. Mweka hazina alipomwuliza ni za nini, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni za kijana. Kuna mtu ameahidi kumwingiza jeshini. Anataka laki tatu."

Basi mkutano ukagawanyika. Wengine walisema tumsaidie, maana kijana akipata kazi ya serikali boma lote limeinuka. Wengine walisema pesa za kikundi si za hongo. Tulikuwa na mzee mmoja ambaye alikuwa askari zamani. Aliinua mkono, akauliza, "Mama, hebu niambie. Siku ile uwanjani watapima kijana ama watapima mfuko wako?"

Mama hakujibu. Lakini hata sisi wengine tuliona aibu, kwa sababu tuligundua kwamba hakuna aliyejua sawasawa jeshi linapima nini. Tulikuwa tayari kutoa pesa kwa jambo tusilolielewa. Ndiyo maana tumeandika makala hii, ili kila kikundi kijue vipimo vyenyewe, kwa nini viko, na kipimo kipi ni cha haki na kipi si cha haki.

VIPIMO VYENYEWE

Kwanza, hapa Kenya hakuna mtu anayelazimishwa kuingia jeshini. Anayeingia ni yule aliyetaka mwenyewe. Na hakuna mtoto anayeruhusiwa. Mwaka 2002 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaokataza watoto kutumiwa vitani, ikatangaza kwamba mtu wa chini ya miaka 18 haandikwi.

Katika matangazo ya miaka ya karibuni, mtu anayetaka kuwa kurutu wa kawaida katika KDF huulizwa mambo haya:

1. Awe raia wa Kenya, na awe na kitambulisho. Katiba, kifungu cha 78, inasema mwanajeshi hawezi kuwa raia wa nchi mbili.

2. Awe na umri wa miaka 18 hadi 26. Wenye ufundi, kama vile fundi wa magari, wa umeme au wa ujenzi, wamekuwa wakiruhusiwa hadi miaka 30.

3. Awe amemaliza kidato cha nne na kupata angalau gredi ya D katika KCSE. Mafundi huulizwa gredi ya juu zaidi pamoja na cheti cha ufundi wao. Wale wanaotaka kusomea uofisa katika chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, huulizwa gredi ya B.

4. Mwanamume awe na kimo cha mita 1.60, yaani futi 5 na inchi 3, na uzani wa kilo 54.55. Mwanamke awe na kimo cha mita 1.52, yaani futi 5, na uzani wa kilo 50. Hivyo ni vipimo vya chini kabisa. Aliye zaidi ya hapo anaruhusiwa.

5. Awe na afya nzuri ya mwili na akili.

6. Asiwe na rekodi ya uhalifu.

7. Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa kuandikwa na wakati wa mafunzo.

Kumbuka kwamba tangazo la kila mwaka ndilo linalotawala. Likitoka, lisome lenyewe au lisomewe kikundi chote. Usitegemee maneno ya sokoni.

KWA NINI WANAPIMA HAYA?

Kijana akiangaliwa miguu na meno mbele ya watu, anaweza kudhani ni dharau, kama vile ng'ombe mnadani. Lakini kila kipimo kina sababu yake.

Miguu huangaliwa kwa sababu askari hutembea mwendo mrefu akiwa amevaa buti na kubeba mzigo mgongoni. Mguu wenye kasoro ambao haumsumbui mtu shambani unaweza kumwangusha katika safari ya siku tatu. Na yeye akianguka, kuna mwenzake atakayembeba.

Meno nayo? Askari akiwa porini, kliniki ya meno iko mbali. Jino likimwuma hawezi kula wala kulala, na mtu asiyelala hawezi kuaminiwa zamu ya ulinzi. Macho na masikio, hayo hayahitaji maelezo mengi. Asiyesikia amri atajiumiza na kuumiza wengine.

Uzani na kimo vinaonyesha kama mwili utaweza kubeba bunduki, risasi, maji na chakula. Mtu mwembamba kupita kiasi huchoka na kuumia upesi katika mafunzo.

Masomo je? Watu wengine husema, "Kupiga risasi kunahitaji cheti gani?" Lakini askari wa leo husoma ramani, hutumia redio, huandika ripoti, na hujifunza sheria za vita: nani anaruhusiwa kupigwa na nani haruhusiwi. Askari asiyeelewa sheria hiyo anaweza kuwa hatari kwa raia.

Na rekodi ya uhalifu huulizwa kwa sababu huyu mtu atapewa silaha. Si ni kweli kwamba hata sisi katika kikundi hatumpi ufunguo wa sanduku mtu aliyewahi kuiba?

Kwa hiyo vipimo hivi vyote vinajibu swali moja: je, mtu huyu ataiweza kazi, bila kuwaponza wenzake na bila kuwaonea raia? Hilo ndilo swali la haki. Tulishike, kwa sababu tutalitumia kupima vipimo vingine.

ZAMANI WALIPIMA KABILA

Wazee wanakumbuka kwamba si kila mara jeshi lilipima kazi. Waingereza walipounda King's African Rifles, yaani KAR, mwaka 1902, walikuwa na imani kwamba kuna makabila ya wapiganaji na makabila yasiyo ya wapiganaji. Kwa miaka mingi walipendelea kuandika Wakamba na Wakalenjin, wakawa wengi jeshini kupita sehemu yao katika watu wa nchi. Kijana wa kabila jingine angeweza kuwa na nguvu za simba na bado aambiwe, "Nyinyi si watu wa bunduki."

Katika vita vya kwanza vya dunia, vya 1914 hadi 1918, watu wengi sana walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi. Hao ndio walioitwa Kariakoo. Jina hilo liko Nairobi na Dar es Salaam mpaka leo. Walibeba mizigo ya jeshi kwa miguu hadi ndani ya nchi ambayo leo ni Tanzania, na makumi ya maelfu walikufa, hasa kwa magonjwa na njaa. Hawakuhesabiwa askari, lakini walikufa vitani.

Hata aliyekubaliwa kuwa askari alikuwa na mpaka wake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwafrika katika KAR hakupewa uofisa kamili. Angeweza kutumika miaka 20, apate nishani, na bado apigie saluti kijana Mwingereza aliyetoka shuleni juzi. Kizuizi kilipoondolewa, haukupita muda mrefu. Mwaka 1966 Joseph Ndolo akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza jeshi la nchi kavu la Kenya. Kumbe uwezo ulikuwako siku zote!

Mfano mwingine ni Waruhiu Itote. Huyu alikuwa Mkikuyu, kabila ambalo halikuhesabiwa miongoni mwa yale ya wapiganaji. Lakini katika vita vya pili vya dunia alitumika na KAR huko Burma. Aliporudi nyumbani aliingia msituni, akawa Jenerali China wa Mau Mau. Waingereza waliodhani wanajua kabila gani linaweza kupigana walijifunza vingine. Baada ya uhuru alikuwa mmoja wa wakuu wa Vijana wa Huduma kwa Taifa, NYS.

Kwa hiyo tukiuliza lile swali letu: je, kabila linaonyesha kama mtu ataiweza kazi? Hapana. Kilikuwa kipimo cha alikotoka mtu. Na madhara yake hayakuishia kwa waliokataliwa tu. Jeshi lenye watu wa makabila machache linaweza kuonekana na wananchi wengine kama jeshi la wenyewe, si la nchi.

Ndiyo sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 238, inasema kwamba kuandikwa kwa watu katika vyombo vya usalama kuwe kwa namna inayoonyesha Wakenya wote kwa uwiano wa haki. Na kifungu cha 241 kinasema uongozi wa jeshi uonyeshe maeneo na makabila yote ya nchi. Hiyo ndiyo sababu usajili haufanywi Nairobi peke yake. Vituo hutangazwa kote nchini, ili mtoto wa Turkana, wa Lamu na wa Vihiga wote wapate uwanja wa karibu.

WANAWAKE NAO

Kikundi chetu kina wanawake wengi kuliko wanaume, kama vikundi vingi. Kwa hiyo wengine waliuliza, "Na binti zetu?"

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya iliunda kikosi cha wanawake jeshini. Lakini kilikuwa kikosi cha pembeni, na kazi zao zilikuwa za ofisi, za simu, za stoo na za hospitali. Kuelekea mwaka 2000 kikosi hicho kilivunjwa, na wanawake wakaingizwa katika jeshi la nchi kavu, la anga na la majini pamoja na wanaume.

Matokeo yake tumeyaona. Fatuma Gaiti Ahmed aliingia jeshini mwaka 1983. Mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kupata cheo cha meja jenerali, na mwaka 2024 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza jeshi la anga. Kama wakubwa wa mwaka 1983 wangesema wanawake wakae kwenye simu daima, nchi ingempoteza kamanda.

Lakini tuwe wakweli. Kwa nini basi kimo na uzani wa mwanamke viko chini ya vile vya mwanamume? Wengine husema huo ni upendeleo. Tuulize tena swali letu. Maumbile ya wanawake na wanaume hayalingani, na mwanamke wa futi 5 mwenye afya si mgonjwa wala dhaifu, ni mwanamke wa kawaida. Kipimo cha uwanjani ni cha kujua kama mwili huu ni mzima na unafundishika. Huko mafunzoni ndiko kila mmoja ataonyesha kama kazi anaiweza.

Kuhusu ujauzito, wengi huona ni ukali. Lakini mazoezi ya kurutu yanaweza kumdhuru mama na mtoto. Hiki ni kizuizi cha muda. Binti akijifungua na kupata nguvu, na umri ukiwa bado, tangazo lingine likija asifikiri mlango umefungwa daima.

KITAMBULISHO: UKUTA USIOONEKANA

Kuna vijana ambao hawafiki hata kwenye mizani. Wanarudishwa mlangoni kwa sababu hawana kitambulisho.

Hebu fikirieni Wanubi. Mababu zao walikuwa askari waliotoka Sudan, wakaandikwa na Waingereza kabla ya mwaka 1900 na kuhudumu katika KAR. Wakapewa mahali pa kukaa Kibra, Nairobi. Yaani hao walikuwa wanajeshi kabla ya wengi wetu. Lakini baadaye wajukuu na vitukuu vyao walihangaika kupata vitambulisho, wakipitishwa kwenye kamati za upekuzi na kuulizwa wathibitishe kwamba wao ni Wakenya. Kesi yao ilifika hadi kwa kamati ya Afrika inayohusika na haki za watoto, na Machi 2011 kamati hiyo iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi.

Vijana wa kaunti za mpakani, hasa Wasomali wa kaskazini mashariki, nao walipitia upekuzi wa ziada kwa miaka mingi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kwamba upekuzi huo wa ziada umeondolewa.

Kuuliza uraia ni haki, maana jeshi ni la nchi. Lakini kijana ambaye ni raia akikosa karatasi kwa sababu ya kabila lake, hapo tumerudi kule kule kwa KAR. Tunapima kabila, ila mara hii tunapima kwa muhuri.

WAGONJWA NA WALEMAVU

Hili ni swali gumu, na hatutaki kulifunika. Je, mtu mwenye ugonjwa au kilema hastahili kabisa kutumikia nchi?

Afrika Kusini ina mfano mzuri. Jeshi la huko lilikuwa halimwandiki mtu yeyote mwenye virusi vya ukimwi, wala kumpeleka nje ya nchi, hata kama ana nguvu na anatumia dawa. Chama cha wanajeshi kikaenda mahakamani. Mwaka 2008 mahakama kuu ya Pretoria iliamua kwamba kuwakataa wote kwa pamoja kunavunja katiba. Kila mtu apimwe kwa hali yake ya afya, si kwa jina la ugonjwa.

Tazama jinsi uamuzi huo unavyolingana na swali letu. Mahakama haikusema jeshi lichukue wagonjwa. Ilisema pima kama anaiweza kazi.

Na kwa ndugu zetu walemavu, ni kweli kwamba asiyeona hawezi kuwekwa kwenye zamu ya bunduki. Lakini jeshi lina mahesabu, kompyuta, hospitali, karakana na ofisi. Ni halali wananchi kuuliza kama kila kazi ya jeshi inahitaji mtu wa kukimbia mlimani. Tukiuliza hivyo hatuvunji heshima ya jeshi. Jeshi ni letu, na linalipwa kwa kodi zetu.

KIPIMO CHA MFUKO

Sasa turudi kwa ile laki tatu.

Hongo ni kipimo pia, lakini hakipimi miguu, wala macho, wala akili. Kinapima nani ana fahali wa kuuza. Ni kama kile cha kabila, kinapima mtu ametoka nyumba gani. Tena ni kibaya zaidi, kwa sababu maskini ambaye mtoto wake ana nguvu na gredi nzuri ndiye anayepoteza, na nchi inabaki na askari aliyenunuliwa. Aliyeanza kazi kwa deni la laki tatu atalilipaje? Mara nyingi atalitafuta kwa raia.

Mwaka 2014 tuliona jambo hili likifika mwisho wake. Julai mwaka huo polisi, ambao ni tofauti na KDF, waliandika makurutu wapatao 10,000. Malalamiko ya hongo yalikuwa mengi sana. IPOA, ile mamlaka inayochunguza kazi za polisi, ilienda mahakamani, na tarehe 31 Oktoba 2014 mahakama kuu ikafuta usajili wote. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Fikirieni: waliotoa hongo walipoteza, na hata kijana aliyepita kwa miguu yake mwenyewe naye akapoteza nafasi. Hongo ya mmoja ilimla na mwingine.

Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inasema anayetoa na anayepokea wote wana makosa. Adhabu inaweza kufika miaka 10 gerezani, au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Kwa hiyo mama angepewa mkopo ule, yeye mwenyewe angekuwa mshtakiwa. Na kikundi kilichotoa pesa kikijua ni za nini, kingejiteteaje?

Mzee wetu alitueleza pia ujanja wa matapeli, na ni vizuri kila mtu aujue. Tapeli huchukua pesa kwa familia kumi. Hana mtu yeyote anayemjua jeshini. Anangoja tu. Katika vijana kumi, pengine wawili watapita kwa nguvu zao wenyewe. Kwa hao wawili anakuja kifua mbele: "Si niliwaambia?" Kwa wanane waliobaki anasema mkubwa alibadilishwa, wangoje mwaka ujao. Anaweza hata kuwarudishia wawili kati yao ili sifa yake isiharibike. Hivyo familia ile iliyofaulu inaapa mpaka leo kwamba pesa ndizo zilizofanya kazi, kumbe ni mtoto wao aliyekimbia vizuri.

Wengine huuza barua bandia za mwaliko. Kijana anasindikizwa na ukoo mzima, anafika kwenye chuo cha mafunzo Eldoret na sanduku lake, barua inakaguliwa, na badala ya sare anapewa pingu. Mambo haya yametokea mara nyingi, si mara moja.

SIKU YENYEWE

Usajili hufanywa mchana, uwanjani, mbele ya watu. Kijana huenda asubuhi mapema na kitambulisho chake na vyeti vyake vya shule, vile vyenyewe pamoja na nakala. Vyeti hukaguliwa. Kimo na uzani hupimwa. Daktari huangalia mwili. Vijana hukimbizwa. Waliochaguliwa hupewa barua ya mwaliko pale pale kwa utaratibu wa jeshi, na wakifika chuoni hukaguliwa tena. Hakuna hatua hata moja inayolipiwa. Mtu akikutajia ada, hata ya "fomu", ujue ni mwizi.

Tena tuwaambie vijana ukweli: nafasi ni chache na wanaojitokeza ni wengi. Anaweza kutimiza kila kipimo na bado asichukuliwe. Kukosa nafasi si kusema kwamba hafai.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, tangazo likitoka lisomwe mkutanoni, ili wazazi wajue vipimo kabla ya tapeli kuwafikia.

Pili, vijana wapimwe mapema. Kimo unaweza kukipima kwa alama ya ukutani na utepe wa fundi cherehani. Uzani, nenda zahanati, au hata mizani ya duka la mahindi.

Tatu, kitambulisho kiombwe mara kijana anapofika miaka 18. Usingoje tangazo. Cheti cha shule kikipotea, shughulikia sasa.

Nne, mwenye jino bovu atibiwe. Gharama ya kung'oa au kuziba jino ni kitu kidogo sana mbele ya laki tatu.

Tano, kikundi kiandike katika sheria zake kwamba mkopo wa hongo hautolewi, awe mwenyekiti au mwanachama wa jana.

Sita, mkiombwa hongo, pigieni EACC kwa nambari 1551, bila malipo. Si lazima useme jina lako.

Sasa mtauliza, yule kijana wa mama ilikuwaje? Tulikataa ule mkopo. Mama alikasirika, na kwa mikutano miwili hakuja. Kijana alienda uwanjani bila kulipa mtu. Miguu ilikuwa sawa, macho sawa, vyeti sawa. Mizani ikasema kilo 52. Akarudishwa.

Alipotusimulia, tulitazamana. Kilo mbili na nusu! Tungeuza fahali, tumalize sanduku, na mizani ingesema vile vile kilo 52. Na mizani ya kumwonya iko katika stoo yetu ya mahindi, hatua mia kutoka kwao. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria kumpandisha juu yake.

Sasa kila Jumamosi anakuja kupimwa. Mara ya mwisho alikuwa na kilo 55. Umri wake bado unaruhusu, na tangazo lingine likitoka ataenda tena. Hatujui kama atachukuliwa. Lakini safari hii yeye mwenyewe ndiye atakayepimwa. Mama amerudi mkutanoni, na fahali bado yuko bomani, analima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni vijana wangapi wamefika miaka 18 na hawana kitambulisho? Ni nini kinachowazuia?

2. Je, kuna familia iliyotoa pesa ili kijana aandikwe jeshini au polisi? Ilipata nini, na ilipoteza nini? (Msitaje majina.)

3. Chagueni kipimo kimoja cha jeshi. Je, kinapima kazi, au kinapima mtu alikotoka?

4. Mabinti zetu wanatiwa moyo kwenda uwanjani kama wavulana? Kama sivyo, ni jeshi linalowazuia, au ni sisi?

5. Sheria za kikundi chetu zinasema nini kuhusu mkopo wa hongo? Kama hazisemi kitu, ziandikwe lini?